Santuri za Mwenda wa Bunkeya

Mwenda Jean Bosco alikuwa kijana wa miaka 22 hivi, asiyejulikana nje ya mji wake, aliporekodiwa kwa mara ya kwanza Februari 1952 mjini Jadotville, Katanga, kusini mwa Kongo. Mji huo siku hizi unaitwa Likasi. Alikuwa na gitaa moja la mbao lisilotumia umeme, na sauti yake mwenyewe. Wimbo mmoja kati ya aliopiga wakati huo, "Masanga", ulimfikisha Nairobi na Marekani. Hadi leo wapigaji wa gitaa wa mabara mengine huusikiliza polepole, sehemu kwa sehemu, wakijaribu kuelewa vidole vyake vilipita wapi.

Alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, makao makuu ya Wayeke, magharibi mwa mto Luapula. Jina la Mwenda si la kuokota. Msiri, aliyeanzisha utawala wa Wayeke, aliitwa Mwenda Msiri Ngelengwa. Alikuwa mtoto wa msafiri wa misafara kutoka Unyamwezi, naye alifika nchi ya shaba katika miaka ya 1850 kwa ridhaa ya Mwata Kazembe, mtawala wa bonde la Luapula, kisha akajitwalia ardhi zote za Kazembe zilizokuwa ng'ambo ya mto. Alipigwa risasi na kuuawa Desemba 1891 na ofisa wa msafara wa Kapteni Stairs, uliotumwa kuichukua Katanga kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Mpiga gitaa wetu alitoka katika ukoo huo wa kifalme. Kwa watu wa Nchelenge, Kashikishi na kisiwa cha Chisenga, upande wa Zambia, basi, Mwenda si mgeni. Babu zake na babu zao waligombania mto uleule.

Wakoloni walipochora mpaka kufuata Luapula na Ziwa Mweru, watu hawakuacha kuvuka. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930, wanaume wengi wa bonde la Luapula upande wa Waingereza waliandikishwa kwenda kufanya kazi katika migodi ya shaba ya kampuni ya Union Minière, Katanga. Samaki nao walikwenda huko huko. Wafanyabiashara Wagiriki wa Kasenga walinunua samaki waitwao pale na wengine wa Luapula na Mweru, wakawapeleka Élisabethville (Lubumbashi ya leo) kulisha kambi za wachimbaji. Aliyekwenda na mzigo alirudi na pesa, nguo, baiskeli, na mara nyingine gitaa. Katika kambi hizo Wabemba, Waluba, Wasanga na Wayeke walizungumza Kiswahili cha Katanga, lugha ambayo kampuni yenyewe iliitumia na kuieneza kazini. Ndiyo maana Mwenda, ambaye hakutoka pwani wala hakulelewa karibu na pwani, aliimba kwa Kiswahili. Lugha ya mji ndiyo iliyokuwa lugha ya gitaa.

Aliyemrekodi ni Hugh Tracey, Mwingereza aliyefika Rhodesia ya Kusini akiwa kijana kulima tumbaku, kisha akaishia kutumia maisha yake kurekodi muziki wa Afrika. Alizunguka na lori lililobeba mitambo na jenereta, na mara kwa mara kwenye safari zake alishika kipaza sauti mwenyewe, akikisogeza kwa mwimbaji au kwa ala kadiri wimbo ulivyokwenda. Alimkuta Mwenda mtaani Jadotville akipiga gitaa. Kampuni ya Gallo ya Johannesburg, iliyogharimia kazi ya Tracey, ilizitoa nyimbo hizo kwa nembo ya Gallotone. Hapa inafaa kusema wazi kwamba Tracey hakuwa mtumishi wa sayansi peke yake. Alikuwa akitafuta pia kitu cha kuuzwa, na kwa Mwenda alikipata.

Katika "Masanga" mtu hulisikia kwanza gumba. Linakwenda kwenye nyuzi nene kwa mwendo usiobadilika. Kidole cha shahada kinacheza kwenye nyuzi nyembamba, lakini hakifuati gumba, kinalikatiza. Pale ambapo sikio linatarajia noti mbili, kidole kinatia tatu, kisha kinarudi mahali pake kana kwamba hakuna kilichotokea. Msikilizaji anayefuata sauti za chini anahesabu mwendo mmoja, na anayefuata za juu anahesabu mwingine, na wote wawili wako sawa. Vidole viwili tu vya mkono wa kulia ndivyo vinavyofanya kazi yote hiyo. Hii ndiyo namna ya Katanga, tofauti na ile ya Léopoldville (Kinshasa ya leo), ambako magitaa mawili au matatu ya umeme yaligawana kazi ambayo Mwenda aliifanya peke yake.

Jambo la pili linahitaji kurudia santuri mara kadhaa kabla halijasikika. Mwenda harudii kipande kwa namna ileile. Anaanza na fungu fupi la noti, analigeuza kidogo, analirefusha, anaacha noti moja, anaongeza nyingine, na baada ya muda mfupi msikilizaji yuko mbali na pale alipoanzia bila kujua alifikaje. Wapigaji wengi wa wakati wake walikuwa na fungu moja zuri, wakalishikilia mpaka wimbo ukaisha. Mwenda alikuwa na mengi, na aliyapanga.

Santuri za siku hizo zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja wa santuri ya sentimita 25 ulibeba muziki wa dakika tatu hivi. Wimbo ambao kwenye baraza ungeweza kwenda nusu saa ulikatwa ukaingia humo. Kwa kulinganisha, mpiga sello mkubwa wa Hispania, Pablo Casals, alizirekodi tungo zote sita za Bach za sello peke yake kati ya mwaka 1936 na 1939, kwenye santuri za aina hiyohiyo ya mizunguko 78, lakini alipewa santuri nyingi na miaka mitatu. Alikuwa na umri wa miaka 60 hivi, na alikuwa amezipiga tungo hizo tangu ujana wake. Mwenda alipewa pande chache na siku chache, akiwa na miaka 22 hivi. Tofauti hiyo inaeleza nafasi ambayo kila mmoja alipewa. Haielezi lolote kuhusu ubora wa vidole.

"Masanga" ulipata tuzo ya Osborn, iliyotolewa na chama cha African Music Society kwa rekodi bora za muziki wa Afrika. Gallotone iliuza santuri zake Afrika ya kusini, ya kati na ya mashariki, na gramafoni ya kuzungushwa kwa mkono haikuhitaji umeme. Kwa upande wa Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo) kulikuwa na njia nyingine pia. Kituo cha redio cha Lusaka kilitangaza kwa Kibemba na lugha nyingine za Waafrika, na tangu mwaka 1949 redio ndogo ya betri iliyoitwa Saucepan Special iliuzwa kwa pauni tano, ili mtu wa kijijini aweze kusikiliza. Alick Nkhata, mtangazaji na mwimbaji mashuhuri wa kituo hicho, mwenyewe aliwahi kufanya kazi na Tracey. Muziki wa gitaa na redio vilikua pamoja, kwenye kingo zote mbili za mto.

Mwaka 1959 Mwenda alikwenda Nairobi akakaa huko miezi kadhaa. Aliyewavuta wanamuziki wa Katanga kuja huko ni Peter Colmore, mfanyabiashara wa burudani na matangazo, ambaye alijua kuwa wimbo wa gitaa unauza dawa kuliko maneno matupu. Mwenda aliimbia vidonge vya Aspro na kusikika redioni. Jamaa yake Edouard Masengo, naye mpiga gitaa hodari wa Katanga, alikuwa Nairobi pia akifanya kazi ya namna hiyo. Wapo wanaoona haya kwamba bingwa wa "Masanga" aliimbia vidonge vya kichwa. Haya hiyo haina msingi. Matangazo ndiyo yaliyomlipa, na ndiyo yaliyofanya vijana wa Kenya wamsikie kila siku.

Na walimsikia. Gitaa la vidole viwili likashika mizizi magharibi mwa Kenya, ambako George Mukabi aliliunganisha na midundo ya Waluhya na mlio wa chupa ya Fanta ikikwaruzwa, na kuzaa mtindo wa omutibo. John Mwale naye alipita njia hiyo. Kwa hiyo sehemu moja ya urithi wa Mwenda haimo kwenye santuri zake hata kidogo. Imo kwenye santuri za watu wengine, kwa lafudhi nyingine, na anayezijua zote mbili huitambua mara moja.

Wataalamu walifuata. David Rycroft, aliyefundisha chuo cha SOAS London, alichapisha mwaka 1961 na 1962 makala mbili katika jarida la African Music, akiandika kwa noti upigaji wa Mwenda jinsi ulivyosikika kwenye santuri. Haikuwa kawaida wakati ule kwa msomi kumchambua mpiga gitaa wa mtaani, noti kwa noti, jinsi watunzi wa Ulaya walivyochambuliwa. Mwaka 1979 Mwingereza John Low alifunga safari hadi Shaba, kama Katanga ilivyoitwa enzi za Rais Mobutu, akajifunza kwa Mwenda, Masengo na Losta Abelo, na kuandika kitabu kiitwacho Shaba Diary. Msomi anaweza kuandika noti akiwa London. Namna ya kushika gitaa ilibidi ifuatwe Lubumbashi.

Mwaka 1969 Mwenda alipiga kwenye Newport Folk Festival nchini Marekani. Baada ya hapo rekodi zake zinapungua, na ni vigumu kuzifuatilia kwa sababu ya jambo dogo la kiutawala. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mobutu aliwataka raia wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, waache majina ya Kizungu. Mwenda Jean Bosco akawa Mwenda wa Bayeke. Kenya aliendelea kuitwa Bwana Jean Bosco, na baadhi ya santuri zinamwita Jean Bosco Mwenda. Anayetafuta kwa jina moja huikosa nusu ya kazi yake.

Wala hakuishi kwa gitaa peke yake. Aliwahi kufanya kazi benki, kwenye ofisi za serikali na kwenye kampuni ya migodi ya Gécamines. Alikuwa na bendi yake, Super Shaba, na alimiliki hoteli mpakani mwa Zambia. Katika miaka ya 1980 wasikilizaji wa nje walimkumbuka tena. Alifika Ujerumani mwaka 1982, na mwaka 1988 alirekodi Cape Town. Kampuni ya Rounder ya Marekani ilitoa albamu ya kazi zake mwaka 1994, lakini yeye hakuiona. Alifariki kwa ajali ya gari nchini Zambia Septemba 1990, akiwa na umri wa miaka 60 hivi.

Rekodi za mwisho zina sauti nzito zaidi na gitaa linalokwenda taratibu. Nyimbo zilezile za ujana zimo, zimepigwa na mtu anayezijua kwa miaka zaidi ya 30, na kinasa sauti ni bora mara nyingi kuliko cha mwaka 1952. Hata hivyo zile za kwanza ndizo zinazoshika. Zina haraka ya mtu anayejua kuwa dakika tatu zinakwisha. Kati ya hizi mbili kuna pengo ambalo halitajazwa, kwani Mwenda wa umri wa miaka 40, aliyekuwa kwenye kilele cha nguvu zake, amerekodiwa kidogo mno. Hilo ndilo pungufu kubwa la hazina yake. Halikutokana na yeye kuishiwa. Wenye mashine walikuwa wamehamia rumba ya umeme.

Santuri za mizunguko 78 zilitengenezwa kwa shelaki, utomvu wa wadudu wa Asia, na huvunjika zikidondoka. Sindano za chuma nazo ziliikwangua mifereji yake kila zilipopigwa, hivyo santuri iliyopendwa sana ndiyo iliyoharibika zaidi. Kilichookoa "Masanga" ni kuwa Tracey alitunza nakala zake. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya muziki, International Library of African Music, ambayo sasa iko chini ya Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Humo ndimo Michael Baird, mpiga ngoma wa Uholanzi aliyezaliwa Lusaka, alimochota rekodi za gitaa za miaka ya 1950 na kuzitoa upya kwenye nembo yake ya SWP. Albamu hiyo, Origins of Guitar Music, inachanganya wapigaji wa kusini mwa Kongo na wa kaskazini mwa Zambia, na ndiyo inayomweka Mwenda mahali pake halisi, kati ya majirani.

Anayetaka kuanza aanze na "Masanga" ya 1952, kisha "Bombalaka" na "Tambala Moja", halafu ndipo aende kwenye rekodi za uzeeni. Na mwenye santuri ya Gallotone iliyobaki nyumbani, iwe Nchelenge, Kasenga au Likasi, asiitupe hata kama imepasuka. Aandike yaliyosomeka kwenye karatasi ya katikati, aifunge kwa kitambaa, aisimamishe wima mbali na jua, na awaarifu watunzaji wa maktaba ya muziki kabla hajaipiga tena.