Mimba, sheria na uzushi wa Texas: kipi kweli, kipi uongo?

"Kesi ya Roe dhidi ya Wade ilianzia Dallas." KWELI. Ilifunguliwa huko mwaka 1970, na Wade aliyeshtakiwa alikuwa mwendesha mashtaka wa kaunti hiyo. Mahakama Kuu ya Marekani iliruhusu utoaji mimba 1973, kisha ikaitengua hukumu hiyo Juni 2022.

"Kenya na Kongo zilitia saini Azimio la Geneva linalopinga utoaji mimba, kwa hiyo sheria zao zinazouruhusu zimefutwa." UONGO. Saini zilitiwa kweli, Oktoba 2020, na Uganda ilikuwa miongoni mwa waasisi pamoja na Marekani. Biden aliiondoa Marekani 2021, Trump akairudisha 2025. Lakini lile ni tamko la kisiasa, si mkataba. Ibara ya 26(4) ya Katiba ya Kenya bado inaruhusu mimba kutolewa pale maisha au afya ya mama inapokuwa hatarini.

"Texas inamfunga mwanamke aliyetoa mimba." UONGO. Marufuku ya jimbo haimwadhibu mjamzito mwenyewe. Daktari ndiye anayeweza kufungwa maisha na kutozwa faini isiyopungua dola 100,000.

"Mimba ikiharibika, usiende hospitali, utashtakiwa." UONGO, na uongo huu unaua. Sheria yenyewe inasema kutibu mimba iliyotunga nje ya kizazi, au kumwondoa mtoto aliyefia tumboni mimba ilipoharibika yenyewe, si kutoa mimba. Hofu ya madaktari, hata hivyo, ni ya kweli. Septemba 2021 jijini Houston, mama ambaye mimba yake ilikuwa ikiharibika alisubirishwa saa 40 hadi moyo wa mtoto uliposimama. Akafa kwa maambukizi. Wanahabari wa ProPublica walifichua habari hiyo 2024. Mwaka uliofuata Texas ikapitisha sheria inayofafanua kwamba daktari halazimiki kungoja hadi mama afikie ukingo wa kifo. Naiona imechelewa mno.

"Bila makaratasi hutibiwi." UONGO. Sheria ya shirikisho ya 1986 inaitaka idara ya dharura impime kila anayefika na kumtibu aliye hatarini. Mpango wa CHIP Perinatal hugharamia kliniki na kujifungua kwa mama wa kipato kidogo bila kujali hali yake ya uhamiaji. Mkalimani wa Kiswahili ni haki yako, bila malipo. Usimtumie mwanao kutafsiri.

Dada uliyeko Fort Worth, Dallas au Houston: ukitokwa na damu nyingi, ukipata homa au maumivu makali ya tumbo, usingoje kupambazuke. Piga 911 na useme una mimba.