Amana Haibebwi na Bega Moja

Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, mashirika mengi ya hisani nchini Kenya yalitikisika ghafla. Misukosuko kama hii huifichua kasoro moja kubwa: saini ya benki, daftari la mayatima na mawasiliano na wafadhili vyote kuwa mkononi mwa mtu mmoja. Akiugua yeye, kazi husimama.

Wapo wasemao: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ni kweli, lakini uongozi wa pamoja si unahodha wa kila mtu. Jahazini yuko mwenye sukani, mwenye tanga na mwenye kufua maji. Kila mmoja aijua zamu yake, na aweza kumshikia mwenzake.

Basi, enyi kina mama wa vyama na kina baba wa kamati za madrasa, saini benki zizidi moja. Kila kazi iwe na mwenyewe na naibu wake. Hesabu zisomwe mbele ya wote kila mwezi. Shura si kukaa kikaoni tu, bali ni kugawana mzigo na kuulizana. Yatima haulizi nani mwenyekiti. Ajua tu kama karo imelipwa.