Modemu ya USB katika Kompyuta ya Linux



Chama cha msingi chenye kompyuta kuukuu iliyotiwa Linux hakilipi ada ya programu, na hilo ni jambo la kusifiwa. Lakini katibu achomekapo modemu ya USB ili apeleke hesabu za mauzo kwa Chama Kikuu, huenda asipate mtandao kabisa, na mara Kamati huanza kuzungumzia kununua kompyuta nyingine. Kabla fedha za wanachama hazijatumika kwa jambo hilo, yafaa ieleweke kwamba mara nyingi hakuna kilichoharibika.

Modemu nyingi za aina hii hubeba ndani yake kumbukumbu ndogo yenye programu za Windows. Ichomekwapo, modemu hujitambulisha kwanza kuwa ni diski, mfano wa sidii. Katika Windows, programu hizo ndizo huiamuru igeuke kuwa modemu. Katika Linux hazifanyi kazi, hivyo kifaa hubaki diski. Kazi ya kukigeuza hufanywa na programu iitwayo usb_modeswitch, ipatikanayo katika ghala la programu la Debian na Ubuntu. Ikiwa haimo, kompyuta yaweza kuipakua kwa kuazima mtandao wa simu ya mkononi kwa waya wa USB.

Ili kuhakikisha, andika amri lsusb. Modemu ya Huawei huonyesha namba inayoanza na 12d1. Ikigeuka, sehemu ya pili ya namba hubadilika, kwa mfano kutoka 1446 kuwa 1001. Ndipo milango kama /dev/ttyUSB0 hutokea.

Wengi hushangaa kuambiwa kwamba modemu hii bado hupiga simu. Hupiga *99#, tena kwa amri zinazoanza na herufi AT, ambazo kampuni ya Hayes ya Marekani ilizitumia katika modemu yake ya mwaka 1981, zama za simu za waya. Programu ya wvdial husoma maagizo katika faili /etc/wvdial.conf: mlango, namba ya kupiga, jina na neno la siri. Hata kama kampuni ya simu haidai jina wala neno la siri, nafasi hizo zisiachwe wazi. Herufi zozote zatosha. Jina la lango la mtandao, yaani APN, hapana budi liulizwe kwa kampuni ya simu.

Mtumiaji asiyekuwamo katika kundi la dialout aweza kukataliwa mlango. Amri ni sudo usermod -aG dialout, ikifuatwa na jina lake. Kisha atoke na kuingia upya. Penye NetworkManager, ambayo hufanya hayo yote kwa kubonyeza tu, wvdial haihitajiki. Zikitumika pamoja hugombea mlango mmoja.

Laini yenye namba ya siri ifunguliwe kwanza ndani ya simu. Aidha, modemu za zamani hutegemea mitambo ya 3G, ambayo imekwisha kuzimwa katika nchi kadhaa. Basi kampuni iulizwe kama mitambo hiyo ingalipo kijijini kwenu. Baadhi ya modemu za 4G hazipigi simu kabisa, bali huonekana kama kadi ya mtandao, nazo ni nyepesi zaidi.

Modemu ikiendelea kukataa, katibu anakili matokeo ya lsusb na mistari ya mwisho ya dmesg, ampelekee fundi pamoja na modemu yenyewe. Kompyuta ibaki ofisini.