Vibuyu vya Kipsing na Matufaha ya Cézanne

Wengi wetu tukioneshwa picha ya kisasa ya chupa na matunda mezani, twauliza kwanza, "Hiki ni kitu gani?" Tukiambiwa ni tufaha, twamlaumu mchoraji kwamba halifanani na tufaha. Nami nilikuwa mmoja wa walaumu hao hadi nilipofika Kipsing.

Kipsing ni kituo kidogo cha wafugaji huko Isiolo, katika njia ya kwenda Oldonyiro, kando ya mto wa mchanga ambao siku nyingi za mwaka hauna maji. Nilikwenda huko mwaka 2022, mvua zikiwa zimekosekana msimu baada ya msimu tangu mwisho wa 2020. Mkobani nilikuwa na rangi za maji, na pia nakala ya picha iitwayo "Kikapu cha Matufaha" aliyoichora Mfaransa Paul Cézanne yapata mwaka 1893. Picha yenyewe imehifadhiwa Chicago.

Mama mwenyeji wangu, Msamburu wa makamo, alinitolea vibuyu vitatu vya maziwa. Nikaviegemeza kwenye kigoda juu ya ngozi, kimoja nyuma na viwili mbele, kwa kuwa nilidhani ndivyo inavyopendeza. Kisha nikachora. Kila kibuyu nilikizungushia mstari mweusi, nikakijaza rangi ya kahawia, na ubavuni nikatia weusi kidogo ili kionekane mviringo. Nilijiona fundi kweli kweli.

Mama alipoitazama karatasi alinyamaza kidogo. "Mwanangu," akasema, "hivi vyako vinaelea. Tena umevipaka rangi moja, na huyu mkubwa amekula moshi miaka mingi kuliko wenzake."

Alisema kweli. Vibuyu hivyo husafishwa kwa kijinga cha moto, na moshi huvigeuza rangi. Mkubwa ulikuwa na wekundu ulioiva karibu na weusi, hali mdogo ulikuwa bado na umanjano. Na kivuli nilichokipaka weusi, nilipokikazia macho, niliona kina ubuluu ndani yake.

Nikaona haya, nikatoa nakala ya Cézanne kama mtu anayemwita wakili. Mama akacheka sana. Chupa imeinama kama mlevi, akasema, na ukingo wa meza upande wa kushoto haukutani na ule wa kulia. Seremala gani huyo? Lakini alipomaliza kucheka hakuirudisha. Alizidi kuitazama, kisha akaweka kidole juu ya matunda. "Haya yana uzito," akasema.

Msomaji, hapo ndipo palipo siri ya picha ile. Cézanne, aliyeishi kutoka 1839 hadi 1906, hakutegemea weusi ili kuliviringisha tunda. Alihama kutoka rangi hadi rangi: umanjano, halafu chungwa, halafu wekundu, na mahali tunda linapogeuka akatia kijani. Rangi za moto hutujongelea, na zile za baridi hurudi nyuma, hata jicho likaona duara pasipo kuchorewa. Ama meza ile iliyovunjika, yeye alitazama kila upande upya, akaunganisha alichokiona. Alikuwa mzito wa kazi hata husemekana kwamba matunda yalimwozea mezani kabla hajamaliza.

Nikachukua karatasi nyingine. Safari hii sikuanza na mstari. Niliweka wekundu wa kibuyu kikubwa ubavuni mwa ubuluu wa kivuli, na hapo hapo kikakaa juu ya ngozi. Umanjano wa kidogo ukakisukuma mbele. Nilifurahi, nikamwonesha mama.

Bado hakuridhika.

"Mbona vyote umevisimamisha?" akauliza. "Hapa kwangu chenye maziwa ndicho husimama. Kitupu hulazwa. Atakayeiona picha hii atadhani ng'ombe wangu wapo."

Sikuwa na la kujibu. Wafaransa huziita picha za namna hii kwa jina lenye maana ya viumbe vilivyokufa, na mimi nilikuwa nimevipanga vibuyu vyake bila kuuliza habari zao. Nikaomba karatasi yangu, nikaanza tena mara ya tatu. Viwili nikavilaza. Cha tatu, kile kidogo, mama akaniambia nikiache kimesimama, maana palikuwa na mbuzi mmoja aliyekuwa bado anakamuliwa.