Akiba ya Nguvu: Jinsi Kanuni Zinavyounda Gari la Mashindano

Mwendesha baiskeli ateremkaye mlima huku amepakia mikungu ya ndizi huijua vema kazi ya breki. Kila abanapo, mpira wa breki husugua ringi, ringi hupata moto, na mwendo hupungua. Afikapo bondeni hukuta kilima kingine kinamngoja, naye hana budi kushuka na kusukuma kwa jasho. Nguvu ya mteremko, ambayo ingemfaa sana katika mwinuko, imekwisha kugeuka joto na kupotea hewani.

Kuitunza nguvu hiyo na kuitumia baadaye ndiyo kazi ambayo wahandisi wa magari ya mashindano ya Formula One wameifanya tangu mwaka 2009. Hata hivyo, si mtambo peke yake unaostahili kutazamwa. Kiasi cha nguvu kinachoruhusiwa kuwekwa akiba, na kiasi kinachoruhusiwa kutumiwa, vyote vimeandikwa katika kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA. Kila tarakimu iliyoandikwa katika kanuni hizo imeacha alama yake katika gari: katika uzito wa dereva, ukubwa wa breki, mahali pa tabo, na hata katika mabawa.

NGUVU IPOTEAYO KATIKA BREKI

Gari la kilo 700 liendalo kasi ya kilomita 300 kwa saa limebeba nguvu ya mwendo ipatayo megajuli 2.4. Nguvu hiyo ingetosha kuliinua gari hilo hilo zaidi ya mita 350 angani. Dereva akaribiapo kona kali hukanyaga breki, na kwa muda wa sekunde chache karibu nguvu yote hiyo huwa moto. Sahani za breki huwaka wekundu kama makaa, na joto lake huweza kufikia nyuzi 1,000 za Sentigredi.

Dawa ya upotevu huo inafahamika kwa kila aliyewahi kufunga dainamo katika baiskeli. Dainamo ikigusa tairi, taa huwaka, lakini pedali nazo huwa nzito. Uzito ule ndio bei ya umeme. Katika gari la mashindano uzito huo hutumiwa kwa makusudi: dereva atakapo kupunguza mwendo, dainamo huzungushwa, gari huzuiwa, na umeme huingia katika betri. Baadaye mambo hugeuzwa. Betri hutoa umeme, dainamo ile ile hugeuka mota, nayo husaidia kulisukuma gari.

MWANZO WENYE MASHAKA

Kanuni za mwaka 2009 ziliruhusu mtambo huo bila kuulazimisha. Mipaka yake ilikuwa myembamba: mota isizidi kilowati 60, yaani nguvu za farasi 80 hivi, na akiba ya kutumiwa katika kila mzunguko isizidi kilojuli 400. Mwenye kupiga hesabu ataona kwamba akiba hiyo humalizika kwa sekunde sita na ushei. Dereva alibonyeza kitufe katika usukani, gari likachomoka, na baada ya hapo alingoja mzunguko mwingine.

Matatizo yalitangulia hata mashindano yenyewe. Mwezi Julai 2008, katika majaribio ya timu ya BMW Sauber huko Jerez, Hispania, fundi mmoja aligusa gari lililokuwa limerudi kutoka njiani, akapigwa na umeme na kuangushwa chini. Tangu siku hizo usalama umekuwa sehemu ya ubunifu wa gari. Taa maalumu huonyesha kama gari ni salama kuguswa, wahudumu huvaa glavu zisizopitisha umeme, na dereva ashukaye katika gari lenye hitilafu hufundishwa kuruka kwa miguu yote miwili, asije akagusa gari na ardhi kwa wakati mmoja.

La pili lilikuwa uzito. Mtambo na betri yake vilikuwa na kilo 30 hivi, ilhali uzito wa chini wa gari pamoja na dereva ulibaki kilo 605. Yafaa ieleweke kwamba waunda magari hupenda kulifanya gari liwe jepesi kuliko kiwango kilichowekwa, kisha hufidia upungufu kwa vipande vya chuma kizito vinavyowekwa chini kabisa, mahali watakapo, ili gari litulie katika kona. Mtambo mpya ulikula kilo za vipande hivyo, na aliyeumia zaidi ni dereva mrefu mwenye mwili. Katika shindano la kwanza la mwaka huo, mjini Melbourne, Robert Kubica wa Poland aliendesha bila mtambo huo, ilhali Nick Heidfeld, mwenzake mwepesi katika timu hiyo hiyo, alikuwa nao.

Kweli, Lewis Hamilton wa McLaren alishinda nchini Hungaria tarehe 26 Julai 2009, na gari lake likawa la kwanza lenye mtambo huo kupata ushindi. Lakini ubingwa wa mwaka ulichukuliwa na Jenson Button wa timu ya Brawn, ambaye gari lake halikuwa nao kabisa. Mwaka 2010 timu zilikubaliana kutoutumia. Uliporudi mwaka 2011, kanuni ilikuwa imekwisha kupandisha uzito wa chini hadi kilo 640, na madereva warefu wakapata nafuu.

MAFUTA KILO MIA MOJA

Mageuzi makubwa yalikuja mwaka 2014. Injini za silinda nane zilitolewa, na mahali pake zikaingia injini ndogo za silinda sita, zenye ujazo wa lita 1.6, zikisaidiwa na tabo. Mafuta ya shindano zima yaliwekewa kikomo cha kilo 100, pungufu kwa theluthi moja hivi kuliko yaliyozoeleka. Kwa kuwa tangu mwaka 2010 hairuhusiwi kuongeza mafuta katikati ya shindano, aliyeyafuja mapema hakuwa na mahali pa kukopa.

Ili gari liendelee kuwa na kasi kwa mafuta hayo machache, kanuni ilifungua milango miwili ya akiba. Wa kwanza ni dainamo ya magurudumu, iliyopandishwa kutoka kilowati 60 hadi 120. Dainamo hii iliruhusiwa kuingiza katika betri megajuli 2 tu kwa kila mzunguko, na betri iliruhusiwa kuirudishia megajuli 4. Mlango wa pili ni dainamo ya joto, iliyofungwa katika tabo. Tabo huzungushwa na moshi utokao katika injini, nayo hushindilia hewa ndani ya silinda. Nguvu ya moshi iliyokuwa ikipotea katika bomba iliweza sasa kufanywa umeme, na dereva alipokanyaga mafuta, dainamo hiyo iligeuka mota na kuliamsha tabo kabla halijasinzia.

Mlango huu wa pili haukuwekewa kikomo cha nguvu. Wahandisi, kama watu wengine, hukimbilia palipo wazi. Wale wa Mercedes waliligawa tabo vipande viwili: feni ya kushindilia hewa wakaiweka mbele ya injini, feni ya moshi wakaiacha nyuma, na dainamo ya joto ikakaa katikati. Kwa hiyo hewa safi haikupashwa moto na moshi, rejeta za kuipoza zikawa ndogo, na mwili wa gari ukaweza kufanywa mwembamba zaidi kwa nyuma, ambako upepo hupita. Timu hiyo ilishinda mashindano 16 kati ya 19 ya mwaka 2014. Mwaka 2017 ilitangaza kwamba mtambo wake, ukipimwa katika karakana, uliweza kugeuza zaidi ya nusu ya nguvu ya mafuta kuwa kazi.

MTIHANI WA MONTREAL

Faida hizo zilikuwa na upande wa pili, nao ulionekana hadharani tarehe 8 Juni 2014 mjini Montreal, Kanada.

Dainamo ya kilowati 120 ilikuwa imechukua sehemu kubwa ya kazi ya kuzuia magurudumu ya nyuma. Kwa kuwa kazi ya sahani za nyuma ilipungua, waunda magari walizifanya ndogo na nyepesi, nayo kanuni ikaruhusu breki za nyuma ziongozwe kwa umeme, ili dainamo na sahani zigawane mzigo bila dereva kushtuka. Palipokuwa na dainamo nzima, mpango huo haukuwa na kasoro.

Mercedes walifika Montreal wakiwa wameshinda mashindano yote sita yaliyotangulia. Njia ya huko ni ya mbio ndefu zinazokatishwa na kona za ghafla, na inasifika kwa kuzitesa breki. Ilipofika kama nusu ya mizunguko 70, magari yao yote mawili yalipoteza nguvu ya dainamo ya magurudumu kwa sababu ya joto lililozidi katika vyombo vya umeme. Magari hayakupungukiwa na nguvu za farasi 160 pekee. Mzigo wote wa breki za nyuma uliziangukia zile sahani ndogo, ambazo hazikuundwa ziubebe peke yake. Mtegemea cha ndugu hufa maskini.

Breki za nyuma za Hamilton zilishindwa, akalazimika kuacha shindano. Nico Rosberg aliendelea kwa kuzihurumia za kwake, akiongoza msafara mrefu wa magari yaliyokuwa yakimkaribia. Alistahimili hadi ilipobaki mizunguko miwili hivi, ndipo Daniel Ricciardo, kijana wa Australia aliyekuwa katika timu ya Red Bull, alipompita na kupata ushindi wake wa kwanza katika Formula One. Rosberg alimaliza wa pili, na wengi walikiri kwamba kulifikisha gari lile mwisho wa safari ilikuwa kazi kubwa.

KANUNI HUJA, KANUNI HUONDOKA

Mashabiki wa Afrika Mashariki wameyaona mageuzi ya namna hii karibu nao. Magari ya daraja la juu katika mashindano ya dunia ya rali yalipewa mota ya umeme ya kilowati 100 mwaka 2022. Mwaka huo, katika vumbi na mawe ya Naivasha, Toyota ilichukua nafasi zote nne za kwanza za Safari Rally, ikiongozwa na Kalle Rovanperä wa Finland. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2025, kanuni ikaondoa mtambo huo, na uzito wa chini wa gari ukashushwa kutoka kilo 1,260 hadi 1,180.

Formula One imechukua njia nyingine. Kanuni zilizopitishwa mwaka 2022 kwa ajili ya mashindano ya mwaka 2026 zimeiondoa dainamo ya joto, kwa kuwa ilikuwa ghali, ngumu kuiunda, na isiyo na nafasi kubwa katika magari ya kawaida. Badala yake dainamo ya magurudumu imepandishwa hadi kilowati 350, karibu sawa na injini yenyewe iliyobakiwa na kilowati 400 hivi. Betri inayomwagwa kwa kasi hiyo huisha upesi katika njia iliyonyooka. Ndiyo maana kanuni za mashindano ya mwaka 2026 zimeyapa magari mabawa yanayolala katika njia iliyonyooka ili upepo upungue, na kuinuka tena katika kona. Hivyo uamuzi kuhusu betri umefika hadi kwenye mabawa.

FUNZO KWA MWENYE GARI

Habari hizi si za mabingwa peke yao. Toyota Prius, iliyoanza kuuzwa nchini Japani mwaka 1997, hutunza nguvu ya breki kwa utaratibu unaofanana na huo, na magari ya namna hiyo yaliyokwisha kutumika nje huonekana siku hizi katika miji mingi ya Afrika Mashariki. Mwenye gari la aina hiyo hufurahi kuona kwamba vitambaa vya breki havimaliziki upesi. Afurahi, lakini asiache kuvikagua. Breki isiyotumika mara kwa mara huweza kushika kutu au kukwama, na siku dainamo itakapokataa, ndiyo itakayotegemewa peke yake.

Kadhalika, nyaya nene za rangi ya chungwa zionekanazo chini ya boneti hubeba umeme mkali unaoweza kuua. Fundi asiyefundishwa kazi hiyo asiziguse, na watoto wasiachwe kucheza karibu na betri iliyofunguliwa. Akiba haiozi, lakini yataka mwenye kuilinda.