Subaru yangu ilipochafua ua wa msikiti: nilivyolitafuta tundu la oili

Ijumaa moja baada ya Isha, mzee mmoja wa msikiti wetu hapa Malindi aliteleza uani, pale tunapoegesha magari. Alhamdulillahi hakuanguka, alimdaka kijana aliyekuwa kando yake. Tulipomulika tochi tukaona doa jeusi ukubwa wa sinia, na juu ya doa imesimama gari yangu. Hakuna aliyenilaumu. Mzee mwenyewe alicheka akaniambia, "Mwanangu, farasi wako anakojoa." Sikulala vizuri usiku ule. Mzee wa miaka yake akivunjika nyonga haamki tena kirahisi.

Farasi huyo ni Subaru Impreza WRX ya mwaka 2003, ile yenye tundu la hewa juu ya boneti. Wa rika langu wanajua maradhi haya yalianzia wapi. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally kwa Impreza ya samawati, na mwaka 2000 Richard Burns akashinda kwa Impreza pia. Sisi tulikuwa vijana, tukaapa iko siku. Siku yenyewe ilipofika gari ilikuwa imeshapita mikono mitatu tangu ishuke bandarini Mombasa, na mpira wowote uliomo ndani ya injini ulikuwa umezeeka nayo.

Dalili nilikuwa nazo zamani, nikizipuuza. Kila nikipunguza mwendo kwenye matuta ya Gede au Matsangoni, harufu ya oili iliyoungua ilikuwa ikiingia ndani kupitia matundu ya hewa. Nikienda kasi hainuki, nikisimama inanuka. Kijiti cha kupimia nacho kilikuwa kikishuka, nami nikiongeza nusu lita kila baada ya wiki mbili, nikijiona nimetibu. Rafiki yangu mmoja aliishi hivyo hivyo na Subaru yake. Siku aliyosahau kuongeza alikuwa njiani kurudi kutoka Mombasa, na kabla ya kufika daraja la Kilifi injini ikaanza kugonga. Bering za konrodi zilikuwa zimekwisha. Oili ikipungua ndani ya sampu, kwenye kona kali ile iliyobaki hukimbilia upande mmoja, pampu ikavuta hewa, na bering hizo hazisamehi. Gari yake iko juu ya mawe mpaka leo.

Kwa hivyo Jumatatu nikaenda gereji. Mji wenyewe siutaji. Fundi aliinama chini sekunde chache, akaona oili pale injini inapokutana na giaboksi, akatoa hukumu: sili ya nyuma ya krenki, giaboksi ishushwe. Ikashushwa. Nikalipa pesa nzuri, na baada ya siku kumi doa likarudi pale pale.

Nilipokuja kuelewa kosa lilikuwa wapi, nilijilaumu zaidi mimi kuliko yeye. Oili ina tabia mbili. Inashuka, na gari ikiwa mbioni inasukumwa na upepo kuelekea nyuma. Inayotokea juu mbele itashika ukuta wa injini, itambae, iende kudondoka chini nyuma. Ukitazama mahali inapodondoka tu, karibu kila injini itakwambia ugonjwa uko kwenye sili ya nyuma. Hata ingekuwa huko nyuma kweli, injini hizi za Subaru zina kibati kingine kando ya sili hiyo, ambacho kwenye matoleo ya zamani kilikuwa cha plastiki. Hupinda kwa joto kikavuja, na watu hubadilisha sili mara tatu bila kukigusa.

Halafu injini yenyewe si kama za Toyota tulizozizoea. Kwenye Probox silinda zimesimama na kile mafundi wakiitacho tapeti kava kiko juu kabisa. Kikivuja unakiona kwa macho. Silinda nne za Subaru zimelala, mbili kulia na mbili kushoto, pistoni zikirushiana ngumi kama mabondia, ndiyo ikaitwa boksa. Vichwa vya injini viko ubavuni, vimebanwa karibu na chasi, na ukingo wa chini wa kava hulowa oili saa zote. Chini yake linapita bomba la ekzosi lenye moto mkali. Gasketi ya kava ikikauka, matone ya kwanza hayafiki ardhini. Huangukia bomba yakaungua, nawe ukapata ile harufu ya kwenye matuta. Tena tone likiwa kubwa na bomba likiwa jekundu, huo ni mlango wa moto, si wa harufu tu.

Aliyenifundisha haya ni fundi mzee wa Mnarani, ng'ambo ya daraja pale Kilifi. Hakugusa spana siku ya kwanza. Aliniambia, "Kaoshe injini, mwanangu, kisha uje na poda ya mtoto." Nikadhani ananifanyia mzaha.

Tukaosha injini ikiwa baridi, kwa dawa ya kutoa grisi na maji ya taratibu, altaneta na viunganishi vya umeme tumevifunga mifuko ya plastiki. Ikakaushwa kabisa. Kisha akachukua ile poda akairashia kwenye maungio yote: kando ya kava mbili, mbele penye mkanda wa taimingi, kuzunguka filta ya oili, na kwenye mpira unaorudisha oili kutoka kwenye turbo. Injini ikawa nyeupe kama mandazi yaliyonyunyiziwa sukari. Tukaendesha hadi Mtwapa na kurudi, bila fujo, tukaiegesha juu ya katoni iliyopasuliwa ikalala hapo.

Asubuhi alianza kutazama juu, si chini. Hiyo ndiyo siri yake yote: tafuta mahali pa juu kabisa na pa mbele kabisa palipolowa. Yaliyo chini ya hapo ni michirizi. Mbele pakavu, filta kavu, mpira wa turbo mkavu. Kava ya kushoto, poda ilikuwa imegeuka uji mweusi kwenye ukingo wa chini, na mchirizi ukaenda nyuma mpaka kwenye giaboksi. Akachomoa plagi za upande huo, moja ikatoka imelowa oili. Maana yake sili ndogo zinazozunguka mirija ya plagi nazo zilikuwa zimekufa.

Nikasema basi, tununue gasketi. Akanizuia. Alitaka kujua kwanza kwa nini zimeshindwa upande mmoja hivi. Akawasha injini ikanguruma taratibu, akavaa glavu, akafungua kifuniko cha kujazia oili. Pumzi ikatoka kwa nguvu, na moshi juu yake.

Hapa ndipo somo lilipo. Kila injini, hata mpya, hupitisha gesi kidogo kando ya ringi za pistoni, ikashukia kule iliko krenki. Kuna valvu ndogo ukubwa wa kidole gumba, kazi yake ni kuirudisha gesi hiyo kwenye njia ya hewa ikachomwe upya. Kwa Subaru yenye turbo valvu hiyo imejificha nyuma, chini ya ile intakula iliyo juu ya injini, kwa hivyo hakuna anayeikumbuka. Ikiziba kwa masizi, injini haipumui. Shinikizo linapanda ndani, na oili inatafuta pa kutokea. Itatokea palipo dhaifu. Unaweza kuweka sili mpya kila mwezi. Tulipoitoa ya kwangu na kuitikisa haikulia hata kidogo. Nzima hulia kama kijiwe ndani ya kopo.

Lakini pumzi ile ingeweza pia kuwa ya ringi zilizochoka, na hilo ni jambo jingine la pesa nyingine. Ndiyo maana tulipima msukumo wa silinda zote nne kabla ya kununua chochote. Zilikuwa karibu sawa. Nilishukuru kwa sauti, wallahi.

Kazi yenyewe ilichukua siku moja. Upande wa kushoto betri na chupa ya maji ya waipa hutoka kwanza ili mkono upite. Tuliweka gasketi za kava, sili za mirija ya plagi na ile valvu, na kwa kuwa tulishafika huko tukafanya na kulia. Mzee alikuwa mkali kwa mambo mawili. Silikoni alipaka tone tu kwenye pembe, basi, kwa kuwa ile inayofurika ndani hukatika ikaenda kuziba chujio la pampu ya oili. Na boliti za kava alizikaza kwa spana fupi, kwa vidole vitatu. Kichwa ni aluminiamu. Ukitumia nguvu za kukazia gurudumu, meno yanang'oka na uvujaji unakuwa wako wa kudumu. Gharama yote, spea na ufundi, haikufika nusu ya nilicholipa kushusha giaboksi.

Oili chafu nilirudi nayo Malindi ndani ya dumu, jirani anayejenga akaichukua kupaka boriti zake kwa ajili ya mchwa. Kuimwaga nyuma ya gereji, kama tulivyozoea, ni kuiachia mvua iipeleke visimani na kwenye mikoko.

Ua wa msikiti niliusugua mwenyewe kwa unga wa mbao na sabuni, Jumamosi baada ya Alfajiri. Doa halijatoka lote. Sasa kila nikienda huwa na kipande cha katoni kwenye buti, nakitandika chini kabla ya kuingia. Wiki ya tatu nilitoka nikakuta tone, moyo ukapiga. Nikaligusa kwa kidole: baridi, halina rangi, halitelezi. Ni maji ya eisi.