Wiki ya Kwanza Ndiyo Ngumu

Agosti 1954, mwanaanthropolojia Kalervo Oberg alizungumza na klabu ya wanawake mjini Rio de Janeiro kuhusu maradhi yanayowapata watu wanaohamia nchi za wenzao. Ugeni aliujua, miaka ya 1930 aliwahi kuishi Ankole, Uganda, akichunguza ufalme wa huko. Kwa maoni yake, anachopoteza mgeni ni ishara ndogondogo: wakati wa kupeana mkono, mwaliko wa kukubali na wa kukataa, maneno ya kuyatia maanani na ya kuyaacha yapite.

Nyumbani ishara hizo tunazifuata bila kufikiri. Kijana wa Tanga hajiulizi namna ya kumwamkia mzee. Shikamoo inamtoka yenyewe. Akifika Oslo, akaingia basi ambalo abiria hawasemezani, kila jambo dogo linamtaka afikiri upya. Jioni amechoka hoi na hajui kwa nini.

Mwaka 1955 Sverre Lysgaard, aliyewachunguza wasomi wa Norway waliorudi kutoka Marekani, alieleza kwamba mgeni huanza kwa furaha, kisha huzama, halafu huinuka. Picha hiyo ilienea sana, na mpaka leo wasafiri wanaambiwa wasubiri huzuni ya miezi ya kati. Mimi naona imewaumiza wengi. Mwaka 1998 Colleen Ward na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi 35 wa Japani waliokwenda New Zealand, waliohojiwa ndani ya saa 24 za kufika, kisha baada ya miezi minne, sita na kumi na miwili. Furaha ya mwanzo haikuonekana. Matatizo yalikuwa makubwa zaidi pale pale walipotua, yakapungua baadaye.

Ward anatenganisha mambo mawili: utulivu wa moyo na ujuzi wa kuishi na wenyeji. Huo wa pili hufunzwa kama ufundi wowote. Huongezeka haraka miezi ya mwanzo, kisha kasi hupungua.

Basi kijana anayelia usiku wa pili hana kasoro yoyote, na asiambiwe kwamba wenzake wote wana furaha. Jumuiya zetu za ughaibuni zisingoje sherehe ya mwisho wa muhula. Mtu ampokee mgeni uwanja wa ndege, amwonyeshe tiketi ya basi inavyokatwa, duka la unga lilipo, na namna ya kumsalimu mhadhiri. Jioni ile ile wale pamoja.